Yule Mtu Yuko Keringet

Ndugu zangu, mnivumilie. Nimesimama hapa kanisani kutoa ushuhuda wangu.

Nilikuwa mkamaji wa ng'ombe katika shamba moja la mzungu kule Bahati. Nilikunywa pombe mpaka mke wangu akarudi kwao. Asubuhi moja, nikiwa mlevi, niliacha lango wazi. Mtamba mmoja akatoka, akala majani mabichi yenye umande, akavimba tumbo, akafa. Mzungu alipouliza, nilimtaja jirani yangu, mkamaji mwenzangu. Akafukuzwa siku ile ile, yeye na mke wake na mtoto mchanga, mvua ikinyesha.

Watu wa kambi ya wafanyakazi walijua ukweli. Hakuna aliyenigombeza, waliacha tu kunisalimia. Nawaambia, kunyamaziwa ni kubaya kuliko kupigwa! Nilikula peke yangu miezi mingi, nikizungumza na ng'ombe.

Kisha nikashikwa na homa. Ni mama mmoja tu aliyekuja, mjane mchuma maua ya pareto, mtu wa sala. Aliniletea uji.

Nikamwuliza, "Mama, unajua nilichofanya?"

"Najua. Kunywa."

Nilipopata nguvu nikamwambia nimetubu kwa Mungu. Akanitazama. "Vizuri. Lakini yule mtu hayuko mbinguni. Yuko Keringet."

Ndugu zangu, neno lile lilinichoma. Nilikwenda kwa mzungu nikasema yote. Akanifukuza. Nikachukua blanketi, nikaenda Keringet, mahali pengine kwa lori la kuni, pengine kwa miguu.

Nilimkuta yule jirani yangu akilima. Nikaungama nimesimama pale shambani. Mke wake akasema, "Mtoto alishikwa na kichomi kwa ile mvua."

"Alipona?"

"Alipona."

Nililia kama mtoto. Mume akaendelea kulima, kisha akasema, "Nimekusikia. Kusamehe, bado. Enda salama."

Nikaenda.

Sasa nachonga mawe huku Lanet. Pombe niliacha. Jumapili mchana huwa nawatembelea wagonjwa wasio na mtu; nawachotea maji, nawapikia uji, naketi nao. Mke wangu hajarudi. Kutoka Keringet sijasikia neno. Jioni nyumba yangu ni kimya sana, sitawadanganya.

Namshukuru Mungu, na yule mama, na ninyi mlionipa nafasi kwenye benchi hili bila kuuliza nimetoka wapi. Kama kuna uliyemkosea, usimalizie toba yako hapa kanisani. Mfuate, hata kama hatakufungulia mlango. Wokovu haukunirudishia watu wangu. Umenirudishia uso wa kuwatazama.