Mwalimu Ngoja, Aliyeiweka Fimbo Chini

Mpendwa wetu, ambaye wengi tulimwita Mwalimu Ngoja, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa tatu wa fundi cherehani. Alianza shule mwaka 1964, kaptula yake ikiwa imeungwa kwa vipande vilivyobaki vya nguo za wateja. Alihitimu chuo cha ualimu Novemba 1978.

Januari 1979 alikabidhiwa darasa la tatu. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa mkali. Kishindo cha viatu vyake tu kilinyamazisha darasa. Juni 1991 alimchapa binti mmoja kwa kusinzia. Binti hakulia. Alisema tu, "Mama anaumwa, mwalimu. Mimi ndiye ninayemgeuza kitandani." Jioni Mwalimu alikwenda kwao, akamwona mama mwenyewe, akaomba radhi mbele ya mtoto. Wiki ile ile mama akafariki. Mwalimu hakushika fimbo tena.

"Watakupanda kichwani hao!" wenzake walimwonya. Na kweli wanafunzi walimpanda. Muhula mzima darasa lilikuwa soko, hata mwalimu mkuu akamwandikia barua ya onyo. Hakurudi nyuma. Kila aliposhtakiwa mtoto, aliuliza, "Ngoja kwanza, amekula? Nyumbani yuko na nani?" Jina likamganda. Alipostaafu mwaka 2016, walimu wale wale ndio waliokuwa wakimpelekea watoto waliowashinda.

Tarehe 4 Septemba 1982 alifunga ndoa na mkunga, wakajaliwa watoto watatu. Mama alizoea kututania sisi wanawe: "Niliolewa na mume mmoja, nikaletewa watoto mia tano."

Mei 2022 figo zake zilianza kushindwa. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki, bila kunung'unika. Siku moja wodini alimshika mkono binti yake wa kwanza. "Mwanangu, wewe nilikuchapa sana. Upole nilijifunzia kwa watoto wa watu, wewe ukiwa umeshaumia. Nisamehe." Binti alitoka nje. Kesho yake alirudi, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Nilikuwa nakuogopa, baba," alimwambia. "Siku hizi nakupenda tu." Wakalia wote wawili.

Alitutoka Jumanne, tarehe 5 Agosti 2025, saa nne asubuhi.

Ameacha mjane, watoto watatu, dada mmoja, na wajukuu saba ambao hakuwahi kuwainulia mkono.

Umechoka, Baba. Mungu akulaze pema.