Tairi la Kumpakia Mama Mkwe

Kwenye kibaraza cha kinyozi kuna benchi lenye miguu mitatu na matofali, na tuambizane ukweli, anayekaa pale hajui kitu ila hakosi jawabu. Asubuhi ile mada ilikuwa baiskeli ya Randa, seremala, iliyopinduliwa matairi juu mbele ya kila mtu. Mama mkwe wake alikuwa anakuja jioni kwa basi. Mara iliyopita Randa alikwenda kumpokea kwa baiskeli hiyo hiyo, tairi la nyuma likapata pancha wakiwa ndiyo kwanza wametoka stendi, na mama wa watu akatembea mguu mosi, mguu pili mpaka nyumbani. Tangu hapo, mkewe alimwambia, habari hiyo mama ameisimulia kwa ukoo mzima. Randa aliumia. Safari hii alitaka tairi lisilosikia mwiba wala msumari, na mwenye duka la vipuri alikuwa amemwazima mawili ajaribu: moja nene lenye meno, na moja jembamba lenye ukanda mgumu ndani. Kasoro ni kwamba baiskeli yenyewe iliundwa kwa mashindano, na pale nyuma, tairi linapopita katikati ya vyuma, hata kidole cha mwisho hakipenyi.

– Hilo jembamba rudisha, alisema Injinia, fundi redio. Hilo ni la mtu mmoja. Mama mkwe wako ni mtu mmoja na nusu.

– Chunga mdomo. Yule ni mama yangu.

– Nimetukana? Nimepiga hesabu.

Wakavalisha lile nene. Likapita! Waziri, yule kinyozi mwenye kuahidi kila mteja kwamba nywele zitarudi, alipiga makofi huku mkasi ukiwa mkononi. Kumbe lilipita kwa kuwa halikuwa na upepo. Randa alipopiga pampu, tairi likavimba, likashika chuma huku na huku, likagoma kuzunguka kama mtu aliyevaa shati la mdogo wake.

– Jaza nusu, alisema Waziri. Haba na haba hujaza kibaba.

– Kibaba kikijaa si litabana tena?

– Methali haibishiwi, Randa.

– Nikijaza nusu, mama akikaa tu, rimu inauma tyubu. Hapo hata mwiba hauhitajiki.

Injinia alinyanyuka, akakagua vyuma kwa jicho moja, akakaa tena.

– Tairi halina kosa. Kosa ni la chuma. Chukua tupa, usugue. Bandu bandu huisha gogo.

– Na gogo likiisha, mama atakaa juu ya nini?

– Basi piga randa hayo meno, alisema Waziri. Wewe si seremala?

– Nikiyaondoa meno, si linakuwa jembamba?

– Linakuwa jembamba, ndiyo. Lakini ni jembamba lililowahi kuwa nene. Linaukumbuka unene wake.

Shangazi, muuza kahawa, alikuwa anasuuza vikombe.

– Lile jingine lina ukanda ndani, na linapita. Mnalionea nini?

– Shangazi, mimina kahawa, walisema Waziri na Injinia kwa pamoja.

– Mwenye duka kasema kila kitu kinategemea uzito wa abiria, aliendelea Injinia. Haya, Randa. Kilo ngapi?

Randa alihisi masikio yanawaka. Kilo za mama mkwe! Mtu ambaye akimwamkia huinamisha macho, leo ampime kama mzigo wa mkaa?

– Sijui.

– Kisia. Mfuko wa saruji?

– Mmoja, alisema Waziri. Na ndoo.

– Mmoja na nusu. Nilimwona kwa nyuma tu harusini kwenu. Alikaa kwenye kiti, kiti kikatoa sauti.

– Kiti kile nilikiunda mimi! Randa alifoka. Kilikuwa na sauti hiyo tangu zamani!

Wakacheka, na Randa naye akacheka, ingawa moyoni alikuwa anaona jioni inamjia mbio.

– Jaza tyubu mchanga, alisema Waziri. Mchanga hautoboki.

– Baiskeli itakuwa nzito kuliko mama.

– Basi pumba za mbao. Unazo za bure karakana.

– Zikilowa zitaota uyoga.

– Mnahangaika na mambo madogo, alisema Injinia. Ng'oa matairi yote. Aende na rimu tupu. Treni inakwenda na chuma kwa chuma, mmewahi kuisikia ina pancha?

– Treni ina reli yake.

– Hilo sasa ni kosa la barabara, usilisingizie rimu.

Hapo nyuma ya Randa palikuwa na mwanamke amesimama, begi miguuni, kikombe cha Shangazi mkononi. Alikuwa amesikiliza kitambo.

– Samahani, wanangu. Huyo mama mmemuuliza kama anataka kupanda baiskeli?

Injinia alimtazama Waziri. Waziri alitazama mkasi. Randa, aliyeipa barabara mgongo, aliijua sauti ile kabla hajageuka, na pampu ikamponyoka.

– Shikamoo, mama.

– Marahaba, mkwe wangu. Nimepata basi la asubuhi.

– Hawa ni watu wa utani tu, mama…

– Huyo wa mfuko mmoja na nusu nimemsikia.

Injinia alikumbuka redio ya mteja, akaondoka bila kumaliza kahawa.

– Nisamehe, mama, alisema Randa, macho chini. Sikutaka utembee tena kama siku ile. Najua ulivyowasimulia watu.

– Nimewasimulia, ndiyo. Tangu umuoe binti yangu, mimi kwako ni shikamoo mama, karibu mama, kisha unajificha karakana. Siku ile ya pancha ukakokota baiskeli, ukanipa habari za marehemu baba yako na yule mbuzi wake, tukacheka mpaka tukasimama njiani. Nikawaambia wenzangu: kumbe mkwe wangu anaongea!

Furaha na haya vilimjia Randa pamoja, na hakuweza kutofautisha kipi ni kipi. Akainama, akabeba begi, akaiacha baiskeli pale pale, matairi juu.

– Tupite hapa, mama. Hii ni njia ya mkato.

– Mkato wa nini? alisema mama mkwe, akimrudishia Shangazi kikombe. Tuzunguke.