Mama Pindo na Migongo Isiyo na Namba

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni viti, na kama mnapika, punguzeni moto kidogo. Leo hatuna matokeo. Hatuna msimamo wa ligi. Leo tunamkumbuka shabiki mmoja. Mmoja tu, lakini kelele zake zilikuwa za watu ishirini.

Tunamkumbuka Mama Pindo, fundi cherehani, mwenye kile chumba cha mlango wa bluu karibu na geti la uwanja. Narudia kwa waliochelewa kufungua redio. Mama Pindo, fundi cherehani, shabiki wa timu yetu kwa miaka arobaini, ametutoka wiki tatu zilizopita. Alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alifariki nyumbani kwake, baada ya kuugua kwa muda mfupi.

Jina la Pindo alipewa na wateja. Ukimpelekea suruali aipunguze urefu, alikuwa anakutazama kuanzia viatuni, kisha anauliza, "Imerefuka yenyewe, au wewe ndiye umepungua?"

Mimi nilimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Kila Jumatatu jioni tukifungua simu za mashabiki, ya kwanza ilikuwa yake. Salamu hana. "Haya, mtangazaji, leo umetuletea uongo gani?"

Miaka mitatu iliyopita, mnakumbuka, timu yetu iliuza nyota watatu katika dirisha moja la usajili. Straika, kiungo na beki wa kati. Watatu, ndani ya wiki mbili. Mtaa mzima ulinuna. Nami kwa hasira zangu nikakaa mbele ya kipaza sauti hiki hiki, nikatamka, "Wasikilizaji, timu yetu imekufa."

Simu ikalia. "Imekufa? Maiti iko wapi? Niambie nije na sanda, kitambaa ninacho."

Fundi mitambo wetu alicheka mpaka akabonyeza tangazo la sabuni katikati ya mazungumzo. Tuliporudi hewani, Mama Pindo alikuwa bado ananingoja. "Sikiliza, mwanangu. Ukifumua mshono, matundu yanabaki. Nguo inachukiza. Lakini huitupi. Unailowesha, unaipiga pasi, unaipa muda, ndipo unashona upya. Hawa wachezaji wapya wapeni muda. Na usinichezee tena tangazo la sabuni nikiwa naongea."

Alinipa vidonge vyangu, wasikilizaji, na nilivimeza.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye hakutaka kusikia habari ya muda. Kaka yake. Kaka yake mkubwa, fundi saa. Ndugu hawa wawili walikuwa wamekaa pamoja uwanjani kwa miaka thelathini, kwenye ngazi za saruji, upande wa kibendera cha kona. Kaka anabeba mto wa kukalia, dada anabeba chupa ya chai. Nyota walipouzwa, kaka mtu akala kiapo. "Sitii mguu pale tena. Wameuza watu wangu bila kuniuliza!" Akampelekea dada yake jezi yenye namba kumi mgongoni, ya yule kiungo aliyeuzwa. "Kata matambara," akasema, "ufutie mashine."

Mama Pindo hakuikata. Aliifumua namba, akaipiga pasi, akaitundika ukutani ikiwa na mgongo mtupu. Hapo ndipo ulipoanzia utaratibu wake, ule uliowatoa watu jasho.

Mashabiki walikuwa wanampelekea jezi awabadilishie namba. Huyu anataka ya straika mpya, yule ya beki mpya. Mama Pindo anafumua ya zamani, lakini mpya hashoni. Hashoni mpaka umtajie mambo matatu uliyomwona huyo mchezaji akiyafanya. Umeyaona mwenyewe, uwanjani.

"Nasikia ana mashuti makali," mteja anasema.

"Unasikia kwa nani? Nenda kaone, kisha urudi."

Fundi bomba mmoja alirudishwa mara nne. Aliniambia, "Mara ya nne nilikwenda nimeandika kwenye karatasi. Akaisoma, akasema la tatu ni la uongo, siku hiyo yeye alikuwepo."

Basi msimu ule ukisimama juu ya jukwaa letu na kutazama chini, uliona migongo mitupu. Mamia ya migongo mitupu. Wapinzani walituimba. Tukafungwa mechi ya kwanza. Tukafungwa ya pili. Ya tatu tukatoka sare, tukashangilia utadhani tumetwaa kombe. Lakini niwaambie nilichokiona mimi: watu walikuwa wanautazama mpira kwa makini kuliko zamani. Hakuna aliyezomea sana, kwa sababu kila mtu alikuwa anatafuta mambo yake matatu.

Nyumbani hali ilikuwa nyingine. Binti yake, ambaye ni muuguzi, ananisimulia: "Mama alikuwa anarudi kutoka uwanjani anacheka. Akishaweka chupa ya chai mezani, kicheko kinakwisha. Siku moja akaniambia, 'Timu itajengeka, mwanangu, hilo halinisumbui. Mimi nataka kaka yangu arudi kukaa pale.'"

Na kaka, wasikilizaji, alirudi kwa sababu ya kosa. Kosa la Mama Pindo mwenyewe.

Naye alikuwa amejichagulia mchezaji. Namba ishirini na saba. Akajishonea mgongoni, na kila Jumatatu sikio langu likawa halipumziki. "Ishirini na saba alikimbia! Ishirini na saba akapiga krosi!" Sasa, ishirini na saba ni beki, tena mzito, ukimwona amevuka nusu ya uwanja ujue mechi imeisha na anakwenda kuoga. Lakini nani amsahihishe Mama Pindo? Mimi? Sikuwa na ubavu huo.

Jumatatu moja, yeye akiwa bado hewani, ikaingia simu ya pili. Sauti ya mzee, imepanda juu.

"Mimi ni fundi saa! Mwambie dada yangu anayekimbia ni ishirini na moja! Ishirini na moja, winga! Huyo ishirini na saba hajakimbia tangu azaliwe. Wiki saba sasa ananiaibisha redioni!"

Kisha Mama Pindo, taratibu: "Kaka, umejuaje, na mpira ulisema umeuacha?"

"Nasikiliza redio."

"Mechi zote?"

"Baadhi."

"Kaka."

"Zote, basi! Zote!"

Ukweli ukajulikana siku hiyo. Yule mama aliyekuwa akipitisha uzi kwenye sindano bila miwani, mbali alikuwa haoni. Hakumwambia mtu. Mtu akiwa upande wa pili wa uwanja, moja na saba kwake zilikuwa kitu kimoja. Asubuhi yake aliifumua ile saba mwenyewe, anacheka mpaka machozi, akaweka bango dogo mlangoni: "Leo fundi naye kakosea."

Jumamosi kaka akatokea uwanjani, mto kwapani. Akaketi. Hakumtazama dada yake. "Sikuja kuangalia mpira," akasema. "Nimekuja kukusomea namba."

Akamsomea kweli. "Ishirini na moja anao. Amepita mmoja. Nane anamfuata." Dakika tisini. Na mechi iliyofuata tena, na iliyofuata. Msimu ule tulimaliza nafasi ya tisa. Uliofuata tukawa wa nne. Kombe hatukupata, ila migongo yetu ilikuwa imejaa namba, na kila namba ilikuwa na mtu anayeweza kuitetea.

Kisha mwaka huu, mnajua kilichotokea. Ishirini na moja akauzwa. Mama Pindo alikuwa ameshaanza kuugua, yuko kitandani. Kaka yake aliogopa kumwambia. Siku mbili akawa anamzungumzia mvua. Siku ya tatu akapiga moyo konde, akasema.

"Najua tangu juzi," dada akamjibu. "Redio ninayo. Nilikuwa nangoja nione utaongelea mvua mpaka lini." Kisha akamuuliza, "Utaapa tena?"

"Siapi. Ukipona tutakwenda wote."

"Na nisipopona?"

Binti anasema mjomba wake alinyanyuka, akatoka nje, akasimama barabarani muda mrefu.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya redio hii nampa pole binti yake, nawapa pole wajukuu wake wanne, na wateja wote ambao jezi zao bado zimo katika chumba kile. Mungu ampe pumziko jema. Mimi binafsi nitamkosa. Jumatatu iliyopita simu ya kwanza ilipolia nilijikuta nimejiandaa kutukanwa, na aliyepiga akanisalimia kwa adabu. Iliniuma.

Tujiulize jioni hii: ni furaha gani tumejinyima kwa sababu tu tuliowazoea wameondoka? Na waliokuja baada yao, tumewatazama kweli, au tumesikia tu?

Sasa namalizia na kaka. Nilimpigia jana. Ameniruhusu niseme. Jumamosi iliyopita alikwenda uwanjani, peke yake, akaketi pale pale. Mpira ulipoanza, mdomo ukaanza wenyewe. "Tano anao. Kumi na sita. Amepoteza." Anasoma namba kwa sauti, na pembeni yake hakuna mtu. Alipojigundua akaona haya, akanyamaza, akashika mto aondoke.

Mwanamke mmoja aliyekaa ngazi ya chini akageuka. Hawajuani. Akamwambia, "Mzee, mbona umeacha? Na mimi sioni vizuri."

Kaka mtu akaketi. "Nilisoma mpaka filimbi ya mwisho," aliniambia. "Tumefungwa mbili bila. Jumamosi nakwenda tena."