Mzee Taratibu Anatuachia Sosi ya Manjano

Baada ya miaka ishirini na tisa ya utumishi, mpishi mkuu wa kantini yetu, Mzee Taratibu, anastaafu rasmi leo, Ijumaa tarehe thelathini Juni. Aliingia kiwanda hiki cha sabuni akiwa na nywele nyingi na mtoto mmoja. Anaondoka akiwa na wajukuu wengi na nywele za kuhesabika. Kamati ya sherehe imenipa mimi, mpishi msaidizi wake, heshima ya kuandika wasifu wake kwenye programu hii, nami nimekubali kwa moyo mmoja. Ila niseme mapema kwamba wiki nzima hii nimekuwa na hofu, na mkiona maneno yanarukaruka, mnisamehe. Sababu mtaiona mbele.

Jina lake la kwenye kitambulisho wachache wanalijua. Hili la Taratibu tumempa sisi, kwa sababu ndilo neno analomwambia kila mtu. Wafungashaji wakisukumana kwenye dirisha la chakula, anawaambia taratibu. Dereva akirudisha nyuma gari la mitungi ya gesi, anamwambia taratibu. Mkurugenzi mwenyewe aliwahi kuingia jikoni akiwa mbio akitafuta chai ya wageni, akaambiwa taratibu, akasimama. Tulidhani mzee wa watu atafukuzwa siku ile. Mkurugenzi alingoja chai yake ikakolea, akashukuru, akaondoka.

Kabla ya kuja kwetu alikuwa mpishi wa hoteli, na huko ndiko alikojifunza sosi iliyompa umaarufu. Jina lake halisi ni holandezi, lakini humu kiwandani hakuna anayehangaika na jina hilo. Sisi tunaiita sosi ya manjano, na mtu akija dirishani akasema "na ile kitu", anaeleweka pia. Ni viini vya mayai vinavyopigwa juu ya mvuke, vikamiminiwa siagi iliyoyeyushwa, kisha maji ya limau na chumvi, mpaka vyote viwe kitu kimoja kizito na laini. Kule hotelini iliwekwa juu ya mayai ya wageni wenye vitambaa vyeupe mapajani. Mzee alikuwa akisema hajawahi kuelewa kwa nini mtu anayeshinda kwenye boila tangu alfajiri asile kitu kama hicho juu ya viazi vyake.

Basi akaileta. Wakongwe mtakumbuka ilivyopokewa. Fundi wa boila aliinusa, akasikia limau, akauliza kama ni ile sabuni ya maji kutoka mapipa mapya. Msimamizi wa zamu akasusa kabisa, akawa anakula viazi vikavu huku akiwatazama wenzake kama watu waliokwisha kulishwa sumu. Siku aliyolamba kijiko kimoja kwa siri, karani wa ghala alimwona, na mpaka leo hajaachwa apumue.

Alichotufundisha Mzee Taratibu ni kwamba sosi hii haihitaji chakula cha sherehe. Viazi vya kuchemsha ndiyo nyumba yake, hasa vikiwa vimepondwa kidogo kwa uma ili ipate pa kuingia. Juu ya samaki wa kuoka anaiongeza limau. Kabichi na karoti za mvuke, ambazo watu wazima humu walikuwa wakizizungusha kwenye sahani kama watoto, zilianza kwisha siku alipozimwagia kijiko kimoja na pilipili manga. Kuna yai la kuchemsha juu ya slesi ya mkate uliobanikwa, ambalo wafungashaji wanalidai kila Jumanne. Na kuna kiporo cha kuku, kilichochambuliwa, kikapashwa vizuri, kikalazwa ndani ya mkate pamoja na sosi iliyochanganywa na haradali kidogo. Hicho mhasibu alikula mara ya kwanza amesimama, kwa sababu alisahau kukaa.

Mhasibu huyohuyo ndiye aliyeanzisha mambo ya kuiweka juu ya wali. Mzee hakupendezwa. Alisema wali unakunywa sosi na haurudishi shukrani. Lakini siku moja tulimkuta nyuma ya rafu za sufuria akila wali na sosi ya manjano, taratibu. Tangu hapo mtu akiomba wali na sosi, anapewa bila neno.

Kwenye usafi hakuwa na mchezo. Sosi ya manjano inapikwa inapoliwa, na ikibaki inamwagwa, hata mtu alie machozi. Haipelekwi nyumbani kwenye kopo. Katibu muhtasi alijaribu kumbembeleza mwaka baada ya mwaka, akamwendea kwa upole, akamwendea kwa hasira, hakupata. Na katika miaka yote hii hakuna aliyeumwa tumbo kwa chakula cha kantini hii. Hilo ni jambo kubwa, na kamati imenisisitiza niliandike.

Sasa nije kwenye lile ambalo kutoka dirishani halionekani. Ninyi mnamwona mzee amesimama na sufuria ndogo ya siagi mkononi, mnasema sosi ni yake. Ni kweli ni yake. Lakini bakuli letu ni kubwa, la kulisha kiwanda, na mtu hawezi kupiga kwa nguvu na kumimina kwa utulivu kwa wakati mmoja. Kwa hiyo tangu nilipoajiriwa, mimi napiga kwa mchapo, kile chombo cha nyaya cha kupigia mayai, yeye anamimina. Mimi nimeinama, ndiyo maana hamnioni. Yeye hata haitazami siagi. Anatazama mkono wangu. Nikichoka anapunguza, nikichangamka anaongeza, siagi inashuka nyembamba kama uzi. Miaka yote hiyo sijawahi kumimina, na yeye tangu nije hajagusa mchapo.

Hatukuliona kuwa ni tatizo mpaka lilipotangazwa suala la kustaafu. Meneja utawala, ambaye leo yuko meza ya mbele na ninamwomba radhi kwa kumtaja, alitaka kujua kama kantini itasimama bila mzee. Hakuwa na nia mbaya. Kuna kampuni inayoleta chakula kwenye maboksi, imekuja kujieleza, na yeye lazima apime. Akamwomba mzee apumzike siku moja, nami nipike kama mkuu wa jiko.

Nilipika. Samaki waliiva vizuri, viazi vilikuwa kama inavyotakiwa. Sosi ikakatika. Nilimimina kwa mkono wa kushoto huku nikipiga kwa wa kulia, siagi ikaingia kwa pupa, na mbele ya macho yangu ikawa mafuta upande huu na mapande ya yai upande ule. Nikaanza bakuli la pili, likakatika vilevile. Nikafungua dirisha bila sosi. Ningefarijika mtu angenung'unika. Hakuna aliyenung'unika. Walichukua sahani zao, wakasema ahsante dada, wakaenda kukaa, na fundi wa boila akatoa mfukoni chupa ya pilipili. Nilirudi jikoni nikajifungia kwenye stoo ya unga, nikalia.

Meneja aliniambia kwa upole kwamba hakuna haraka, ataamua baada ya chakula cha mchana cha siku ya kuagana. Yaani leo. Kwamba jiko hili libaki na moto, au libaki mahali pa kurundika maboksi, itategemea sahani iliyo mbele yenu. Jikoni tutabaki wawili tu, mimi na dada mwosha vyombo, ambaye ana watoto wanaosoma na hana kazi nyingine. Mnaelewa sasa kwa nini nina hofu.

Jumanne mke wa mzee alipita mlango wa nyuma kuleta suti ili ipigwe pasi kwa mama wa dobi aliye jirani na geti. Alinikuta nimejiinamia. Nikamweleza. Mama yule akatazama huku na huku, akanivuta karibu na mapipa, akanitobolea siri. Jumapili mzee alitaka kuwapikia wajukuu sosi ya manjano, aanze ustaafu kwa mbwembwe. Ikamkatikia. Akarudia, ikakatika tena. Akaipakua hivyohivyo, akawaambia wajukuu ni aina mpya, akala yake yote bila kuinua uso. Usiku hakulala vizuri. Alikuwa akimuuliza mkewe kama mkono wake umezeeka.

Kwanza nilicheka, nikashika mdomo. Halafu hofu ikanizidi mara mbili. Mimi nilidhani mzee anaondoka na sosi, nabaki mikono mitupu. Kumbe naye anaondoka mikono mitupu, na hajui kwa nini, na anajilaumu kwa uzee.

Kesho yake nilimwambia mzee wazi kwamba nimeambiwa habari za Jumapili. Aliifuta sufuria ambayo tayari ilikuwa kavu. Kisha akasema mkewe ana mdomo. Kisha akasema tubadilishane.

Hapo ndipo tuliposhinda tangu siku ile. Mzee amekuwa akipiga, mimi namimina. Kumimina ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Jicho linataka kutazama siagi, na ukiitazama tu mkono unaharakisha. Bakuli la kwanza lilikatika. La pili lilikatika nusu, tukaliokoa kwa kijiko cha maji ya uvuguvugu. Mzee naye bega lilimuuma, akawa anapiga huku akiguna, na kila akiguna mimi nashtuka, na kila nikishtuka siagi inaruka. Dada mwosha vyombo alituangalia kutoka kwenye sinki mpaka akachoka. Akakausha mikono, akamwomba mzee akae kidogo, akachukua mchapo. Kumbe anao mkono wa chuma. Ameyasugua masufuria yetu miaka mingi. Mzee akavuta kigoda, akanishika kifundo cha mkono, akaniambia nimtazame dada, nisiitazame siagi. Nikamtazama dada. Bakuli lile lilishika.

Moja tu, lakini. Naandika haya Alhamisi jioni nimekaa juu ya gunia la viazi, na katibu muhtasi ameshapiga simu akitaka karatasi ikachapwe. Ningependa kuwaambia kwamba kila kitu kiko sawa. Siwezi. Bakuli moja lililoshika si ushahidi wa kutosha kwa kiwanda kizima, na kesho kutakuwa na hotuba, na wageni, na watu wa kuchungulia dirishani. Kila nikifumba macho naona mafuta upande huu na mayai upande ule.

Kwa hiyo ninyi mnaosoma sasa hivi mnajua nisilolijua mimi. Tazameni sahani zenu. Tumeweka viazi, samaki, yai juu ya mkate na kabichi, vitu vile vile alivyotulisha siku zote, kwa sababu mzee amekataa katakata kuagwa kwa chakula cha wakubwa. Kama sosi imekatika, naomba mle kwa heshima yake, na mje kuninung'unikia mimi. Safari hii msininyamazie. Kama imeshika, basi meneja, nakuomba uangalie vizuri nani yuko wapi. Kiti cha mgeni wa heshima pale meza ya mbele kitakuwa kitupu mwanzoni. Msimtafute. Ameniomba akae jikoni, kwenye kigoda, na suti yake, mikono magotini, asiguse chochote. Anasema anataka kuona mara moja tu kwamba inawezekana bila yeye, ndipo atoke aje ale.

Mzee Taratibu, kwa niaba ya wenzako wote, kuanzia ofisi ya mkurugenzi mpaka geti, tunakushukuru. Umetulisha vizuri, umetutuliza, na umetufundisha kula kabichi. Nimekuwa na hofu wiki nzima, lakini kuna moja sina hofu nalo. Mkono wako haujazeeka. Haukuwahi kuwa peke yake, basi.

Mkeo tayari nimemwonyesha namna ya kupiga. Alijifunza jana, alipokuja kuchukua suti, pale kwenye mapipa, kwa bakuli tupu na mchapo wa akiba, na ameondoka nao kwenye mkoba kama zawadi yetu kwenu nyote wawili. Nenda salama, ukapumzike, ukawe na afya na wajukuu wenye njaa. Na Jumapili, mzee wangu, yeye apige, wewe umimine.