Wimbo Niliouita Wangu

Nawasalimu wote mliofika, wazazi na vijana. Mwenyekiti amenipa dakika kumi. Mimi nilikuwa nimeomba tano, maana haya ninayokuja kuyasema hayanipi raha. Nikitazama chini, mnivumilie. Sitamtaja mtu yeyote kwa jina. Mkosaji ni mmoja tu, na ndiye huyu aliyesimama mbele yenu.

Mimi ni mtoto wa mtaa wa Baba Dogo, hapa Nairobi. Wazazi wangu walitoka magharibi mwa Kenya. Baba alifanya kazi kiwandani mpaka akafariki, mama akabaki akiuza mboga. Gitaa nilifundishwa na jirani yetu, Mkamba, fundi wa kuchonga vinyago. Mchana alichonga twiga na ndovu wa kuuzia watalii. Jioni aliniita mlangoni kwake, akanishika vidole na kuviweka kwenye nyuzi, kimoja kimoja. Hakuwahi kunitoza kitu. Alikuwa na nyimbo zake mwenyewe ambazo hakuna aliyezirekodi. Mmoja alimtungia mkewe, aliyekuwa amefariki. Huo aliupiga mara chache, na akiumaliza hapigi mwingine jioni hiyo.

Mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, wageni waliotembelea kanisa letu walinisikia nikipiga. Wakanisaidia kupata nafasi katika chuo kikuu huko Uingereza, kusomea muziki. Si muziki wa kanisa, wala ule wa zamani wa Wazungu. Ni huu wa kawaida, unaosikika redioni na madukani. Mama alipoambiwa kuna chuo kikuu kinachofundisha hayo, aliuliza mara mbili kama ni kweli. Kanisa likafanya harambee ya nauli. Mtaani nikaitwa kijana wa majuu kabla hata sijapata viza.

Ndugu zangu, nawaambia, kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yangu ilikuwa woga. Darasani tulikuwa kumi na wawili: wawili kutoka Japani, mmoja kutoka Norwei, mimi, na waliobaki wenyeji. Mwalimu alitaka kila mmoja alete wimbo aliotunga mwenyewe, tuurekodi katika studio ya chuo. Wenzangu wakaleta nyimbo zao. Nyingine zilikuwa mbovu, lakini zilikuwa zao. Mimi sikuwa nimetunga hata mstari mmoja. Maisha yangu yote nilikuwa nimepiga za wengine, na niliona haya kulisema hilo. Nikapiga wimbo wa yule fundi.

Mwalimu akaniuliza wimbo huo umetoka wapi. Nikasema nilimtungia nyanya yangu aliyefariki. Nyanya yangu alikuwa hai, analima mahindi Bungoma.

Wimbo ulipendwa sana. Ukaingizwa kwenye kanda ya wanafunzi ya mwaka ule, na jina langu likaandikwa kama mtunzi. Nami, kwa majivuno, nikamtumia mama kanda moja. Sikufikiria kwamba mama na fundi wanaishi ploti moja. Au nilifikiria, nikajifanya sikufikiria. Hata leo siwezi kuwaambia kwa uhakika.

Mwaka wa pili, mwalimu akaniambia, kwa upole kabisa, nilete mwingine kama ule. Nilikaa na gitaa wiki baada ya wiki. Hakuna kilichotoka. Nikaanza kukwepa darasa lake, kisha madarasa mengine, kisha nikawa mtu wa kulala mchana kutwa. Barua za onyo zilipitishwa chini ya mlango, nikazisukuma chini ya kitanda bila kuzifungua. Mwishowe chuo kikanitoa, nami nikapanda ndege kurudi.

Sasa hapa ndipo ninapoona aibu zaidi. Nilipofika Nairobi sikwenda nyumbani. Nilikwenda mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Reuben, kwa mtu niliyesoma naye shule ya msingi, nikamwomba anifiche. Nikapata kibarua cha kupakia sabuni kiwandani. Kutoka pale hadi Baba Dogo mtu anaweza kwenda kwa miguu. Na kwa miezi minane mama yangu aliamini niko Uingereza.

Niliandika barua, nikazituma kwa yule mwenzangu wa Norwei, aliyekuwa bado chuoni, naye akazirudisha Kenya zikiwa na stempu ya Uingereza. Nilimdanganya kwamba ni utani wa nyumbani. Mimi nimekaa juu ya debe lililopinduliwa, mabati yanawaka kwa jua, jasho linadondokea karatasi, naandika jinsi theluji ilivyofunika bustani za chuo.

Kiwandani nilipakia sabuni pamoja na mama mmoja wa makamo. Siku moja wakati wa chakula tulikuwa tumeegemea ukuta tunakula githeri, akaanza kunipa habari za kanisani kwao, Baba Dogo. Alikuwa amehamia huko nikiwa ng'ambo, kwa hiyo hakunijua.

"Kuna mama mmoja pale kwetu anauza mboga," akasema. "Kijana wake anasomea muziki Uingereza. Barua ikifika, anasimama mbele anatusomea. Jumapili hii ilisema theluji imeanguka. Basi akatuomba tumwombee kijana apate koti zito, maana yeye hapati usingizi akiifikiria hiyo baridi."

Halafu akaniuliza kama githeri imezidi chumvi, kwa sababu nilikuwa nimeacha kula.

Sikumaliza zamu ile. Nilitoka langoni na aproni ya kiwanda, nikatembea hadi Baba Dogo. Mama alikuwa anakata sukuma wiki. Aliniona, akaendelea kukata kidogo, kisha kisu kikasimama. Nikapiga magoti pale penye matope, mbele ya wateja wake, nikamwambia yote. Mama hakulia. Aliuliza nimekuwa hapa tangu lini. Nikamjibu. Akasema, "Basi zile barua nilizowasomea watu zilitoka Mukuru." Akafunika mboga kwa gunia, akanipeleka nyumbani, akanipikia chai. Hakuniuliza lingine siku ile. Afadhali angenichapa.

Kesho yake nilikwenda kwa fundi. Alikuwa akisugua ndovu kwa msasa. Nilipoanza kueleza, akainua mkono ninyamaze.

"Niliusikia," akasema. "Mama yako aliniita nikasikilize kanda. Alikuwa na furaha, sikutaka kumharibia. Nikasema moyoni, kijana atakuja kuniambia mwenyewe."

"Naomba unisamehe, mzee."

"Nimekusamehe zamani. Lakini ule wimbo siupigi tena. Nikianza, nasikia sauti yako."

Ndugu zangu, nimesamehewa na watu wengi, lakini neno lile sijapata dawa yake. Alikuwa amebaki na kumbukumbu chache za mkewe, nami nikachukua mojawapo.

Aliniomba jambo moja tu: nisimame kanisani niseme wimbo ni wa nani. Nikasimama. Kuna waliotoka nje, nami siwalaumu. Kisha nikamwandikia mwalimu wangu. Alijibu kwa barua fupi kwamba atasahihisha jina kwenye nakala alizobaki nazo, na kwamba angefurahia zaidi wimbo mbovu uliotoka kwangu. Tangu hapo nimetunga nyimbo tatu. Mbili ni mbovu kweli.

Namshukuru mama, aliyenipokea kabla hajaelewa. Namshukuru fundi, ambaye bado ananiita mlangoni kwake jioni. Namshukuru na yule mama wa kiwandani, aliyenileta kwenye ushirika huu wa kanisa, hapa mtaa wa Mowlem, na ambaye mpaka leo hataki aambiwe kwamba aliniokoa.

Vijana, kusema "sina" kunauma siku moja. Mimi niliikimbia siku hiyo moja, nikaumia miaka, na nikawaumiza walionipenda. Wazazi, mtoto akirudi mikono mitupu, mwacheni aingie kwanza, maswali yatafuata. Nimemaliza. Naomba nikakae.