Nota Moja ya Mama

Kijiwe cha Mzee Abasi kilikuwa kando ya njia ya zamani ya misafara, karibu na stesheni ya Tabora, na mwaka ule vita vilipokwisha kahawa ilikuwa haba, maneno tele. Hilari, mwalimu wa kwaya waliyembandika jina la Mwalimu Nota, alikuwa na karatasi magotini tangu asubuhi. Mdogo wake, Veneranda, alikuwa anakuja na treni ya Usoke kuchukua wimbo wa kusagia nafaka wa marehemu mama yao, akambembelezee mwanawe. Wimbo wote ulishaandikwa, ila nota moja. Hilari aliitamani nota hiyo kuliko chakula.

— Inakushinda nini? aliuliza Shaban, mpeperusha bendera wa reli, maarufu Filimbi.

— Nikiiacha ilivyo, iko juu. Nikiitia alama ya kuishusha, inazama. Mama alipita katikati. Miezi mitatu naitafuta kwenye kinanda cha misheni, sijaipata.

— Basi kinanda kina pengo. Mwandikie Bwana Disii alete jino jipya kutoka London.

— Mkuu wa wilaya na kinanda wapi na wapi?

— Shamba langu kalipima mpaka inchi! Sauti ya mama yako ndiyo imshinde? Akikataa, mwandikie Mfalme.

Mzee Abasi, mpiga udi wa harusini, aliweka dele la kahawa chini.

— Waarabu wanayo hiyo. Wanashusha nusu ya nusu. Alama yako ya kushusha, ipige kistari shingoni.

— Kistari tu, mzee?

— Kistari tu.

Hilari akachora. Alifurahi mpaka machozi yakamlenga. Aliona mama amerudi kupiga magoti mbele ya jiwe lake la kusagia.

Veneranda akafika, mtoto mgongoni.

— Shikamoo, kaka. Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

Akapokea karatasi. Naye ni mwanakwaya, nota anazisoma. Kidole chake kikasimama kwenye kistari.

— Hii siijui. Mama alipokufa mimi nilikuwa wa kubebwa. Inaimbwaje, kaka?

Hilari akafungua kinywa. Ikatoka ile ya juu, ya kinanda. Akarudia. Ikatoka ya chini, ya kinanda vilevile. Akamgeukia Mzee Abasi, lakini Mzee Abasi hakuwahi kumsikia mama yao.

— Jaribu tena, ndugu yangu, alisema Filimbi, na safari hii hakutania.

Akajaribu tena. Kinanda.

Mzee Abasi akatikisa dele, halikuwa na kitu. Mtoto akaanza kulia. Veneranda akawa anamtikisatikisa mgongoni, macho kwa kaka yake, bado anangoja.