Moyo Mdogo Kama Punje ya Mtama

Mtumbwi wa injini ulikuwa umeshaiacha bandari ya Nyangwe, nami nilijifanya natazama maji. Mbele yangu kijana mmoja, aliyejitambulisha kuwa Aristote, mwanafunzi wa maabara, alikuwa akimweleza masomo yake mama mwuza samaki ambaye hakuwahi kumwona. Samaki wa mama walisikiliza pia, maana kikapu kilikuwa magotini mwa kijana.

"Wanatoa kangozi kadogo ku mukono ya mutu," alisema, "wanarudisha zile chembe ku utoto, kisha wanazikomalisha zinakuwa moyo. Mudogo, sawa punje ya mutama. Dawa mupya inajaribiwa pale kabla ya kumupatia mugonjwa."

"Na iko inapiga?"

"Iko inapiga, mama."

Mama akasema dada yake alimeza dawa ya homa na moyo ukasimama asubuhi ileile. "Kumbe ile punje ingekufa pahali ya dada yangu."

"Ndiyo. Lakini ile haiko mutu."

"Sikusema iko mutu. Sisi, hata kitovu ya mutoto ikianguka, tunaizika chini ya mugomba. Ile yenu ikisimama, munaizika wapi?"

Aristote alitazama viatu vyake. Vilikuwa viatu vizuri. "Kuna ndoo," alisema, "iko na kifuniko."

Mtumbwi ukagota kwenye matope. Mama akachukua kikapu chake, akashuka.

"Hiyo dawa sijaikatala," alisema. "Lakini mununue na jembe."